Kabla Hujalifungua, Lishike: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Nyutro na Betri Iliyokufa

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na katika kilomita hizo gari hupanda karibu mita 1,000. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo. Ukishaipita Soni na kufika Lushoto mjini, barabara bado zinapanda na kushuka kuelekea Magamba, Lukozi, Mlalo na Mtae, nyingine za udongo ambao mvua ikinyesha unateleza. Nyumba zetu zimekaa kwenye miteremko. Uwanja wa kuegesha mara nyingi ni kipande kilichochimbwa ubavuni mwa mlima, kinachotosha magari mawili yakibanana. Mahali kama hapa, gari lililokufa betri halimkwamishi mwenyewe peke yake. Linaziba njia ya watu.

Enzi za Land Rover na pikapu za gia za mkono jambo lilikuwa jepesi: kanyaga klachi, weka nyutro, sukuma. Siku hizi tumejaza milima hii IST, Noah na RAV4 za otomatiki zilizotumika Japani, na betri ikifa mkono wa gia unang'ang'ania P. Haya ndiyo niliyojifunza katika miaka ya kuendesha na kusukuma magari ya namna hiyo, mengi kwa kuwatazama mafundi na utingo wakifanya kazi zao.

1. Gia haijaharibika, imefungwa makusudi

Tulikuwa msibani, kijiji kimoja juu ya Soni. Noah ya mgeni ilikuwa imeegeshwa mlangoni mwa uwanja, na pikapu iliyotakiwa kwenda kuchukua viti na maturubai ilikuwa ndani. Taa za Noah zilikuwa zimeachwa zikiwaka tangu alfajiri. Mkono wa gia ukagoma. Wanaume wakauvuta kwa zamu, mmoja akatoa hukumu kwamba gia boksi imekufa. Fundi umeme wa magari aliyekuwa miongoni mwa waombolezaji akawasogeza: "Wagosi, acheni kuvunja gari la watu. Hii haijafa, imefungwa."

Alikuwa sahihi. Katika magari mengi ya otomatiki kuna kipini kidogo kinachouzuia mkono wa gia usitoke P. Kipini hicho huvutwa na koili ya umeme pale tu ufunguo unapokuwa umewashwa na mguu uko kwenye breki. Taarifa ya mguu hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Betri ikifa, koili haina nguvu, kipini hakitoki. Ndiyo maana pia swichi ya taa za breki ikiharibika, au fyuzi yake ikiungua, gia inaweza kugoma hata betri ikiwa nzima.

Kufuli hili lina chanzo chake. Miaka ya 1980 huko Marekani, madereva wengi wa Audi 5000 walilalamika kwamba magari yao yalichomoka ghafla walipoitoa gia P. Ripoti ya serikali ya Marekani ya 1989 ilionyesha kwamba mara nyingi dereva alikuwa amekanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Audi ikaweka kufuli la kumlazimisha dereva aweke mguu kwenye breki kwanza, watengenezaji wengine wakafuata, na kuanzia Septemba 2010 sheria ya Marekani ikalidai kwenye magari madogo mapya ya otomatiki. Kwa hiyo kinachokukwamisha ni mlinzi. Ukimwondoa, zamu yake unaishika wewe.

2. Kabla hujalifungua, lishike

Yule fundi hakuanza na bisibisi. Alianza kwa kutafuta mawe. Utingo wa malori ya mboga wanalijua hili kuliko sisi wenye magari madogo: Fuso iliyojaa kabichi ikisita mpandoni, utingo ameshashuka na gogo mkononi kabla dereva hajasema neno.

Utaratibu niliouchukua kwao ni huu. Vuta hendibreki hadi mwisho. Katika magari mengi tuliyonayo inafanya kazi kwa waya wa chuma, haihitaji betri. Kama gari lina hendibreki ya kitufe, ile inategemea mota: iliyokwisha kufungwa itabaki imefungwa, isiyofungwa hutaweza kuifunga bila umeme. Kisha weka mawe makubwa, yenye pembe, upande wa chini wa mteremko, kwenye tairi mbili, yakigusa mpira bila nafasi. Jiwe la mviringo halizuii kitu; litabingirika pamoja na gari.

Tia ufunguo na uuzungushe hatua ya kwanza ili usukani ufunguke, kisha uelekeze tairi za mbele kwenye kingo ya mlima, gari likiponyoka likajigonge kwenye udongo badala ya kwenda korongoni. Usukani utakuwa mzito. Ni kawaida, kwa sababu injini haiusaidii. Mtu mzima anayejua kuendesha akae kwenye kiti cha dereva. Watoto waondoke kabisa. Na pasiwe na mtu yeyote upande wa chini wa gari, hata yule anayesema yeye ana nguvu. Mwigizaji Anton Yelchin alikufa Juni 2016 huko Los Angeles baada ya gari lake mwenyewe kuserereka kwenye njia ya mteremko ya nyumbani kwake na kumbana. Gari lile lilikuwa limesimama, yeye akiwa ameshashuka.

3. Kitufe kipo, kimefichwa tu

Mawe yalipokuwa tayari, kazi ya fundi haikuchukua muda. Karibu na mkono wa gia wa Toyota nyingi kuna kifuniko kidogo cha plastiki, mraba wa ukubwa wa ukucha, au kitufe chenye maandishi SHIFT LOCK. Kifuniko hung'olewa kwa ncha ya bisibisi bapa. Tandika kitambaa chini yake ili usikwaruze. Ndani kuna tundu. Ingiza bisibisi, au ufunguo ikiwa tundu linaruhusu, ubonyeze chini. Mguu uwe umekanyaga breki muda wote, ingawa umeme haupo wa kuutambua. Ukiwa umebonyeza, minya kitufe cha mkono wa gia kama kawaida na uvute hadi N. Ukifika N, toa bisibisi.

Kwenye magari mengine tundu limejificha chini ya plastiki inayozunguka mkono wa gia, na inabidi kuinua pambo lote. Mengine, hasa ya Ulaya, yana kamba au kipande cha plastiki cha kuvuta ndani ya kava la mkono wa gia. Kitabu cha gari kinaeleza, ila vitabu vingi vilivyokuja na magari yetu ni vya Kijapani. Dawa yake ni michoro: tafuta ukurasa wenye picha ya mkono wa gia na mshale unaoelekea kwenye tundu. Mimi nimeupiga picha ukurasa huo, iko kwenye simu yangu.

4. Mlima ukiikalia P, usishindane nao

Wakati mwingine kufuli linafunguka na bado gia haitoki. Hapo tatizo si umeme. Ndani ya gia boksi, P huingiza kidole cha chuma kwenye gurudumu lenye meno, na kidole hicho ndicho kinachozuia tairi zisizunguke. Ukiegesha kwenye mteremko ukaweka P kabla ya hendibreki, uzito wote wa gari unakikalia kile kidole. Kukitoa ni sawa na kuvuta kisu kilichokaliwa na gunia.

Nimeona watu wakiupiga mkono wa gia kwa kiganja mpaka plastiki ikavunjika. Njia ya amani ni kuondoa uzito: watu watatu au wanne wasimame pembeni mwa gari, washike nguzo za milango, walisukume kidogo kuelekea juu. Sentimita chache zinatosha. Aliye ndani aachie breki pale tu wanaposukuma, gari likisogea akanyage tena breki ya mguu na kuvuta hendibreki, ndipo aivute gia iliyolegea hadi N. Mawe yafuate tairi kila gari linaposogea juu, ili lisirudi.

Kinga yake ni mpangilio wa kuegesha, na huku milimani kila dereva wa otomatiki angeufanya uwe mazoea. Simamisha gari kwa breki ya mguu. Weka N. Vuta hendibreki. Achia breki ya mguu taratibu, gari likae kwenye hendibreki. Ndipo uweke P. Hivyo uzito unabebwa na hendibreki, na P inakuwa akiba.

5. Nyutro ni ya kusogeza, si ya kusafiria

Gari likishakuwa huru, huja mtu na wazo: "Si tuliachie tu mpaka Soni, kuna fundi pale." Wazo hilo linafaa kukataliwa bila adabu nyingi.

Breki za magari madogo husaidiwa na kopo linalotumia mvuto wa hewa wa injini. Injini ikiwa imezimika, kopo hilo lina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo kanyagio linakuwa gumu, na nguvu ya mguu wako peke yake ndiyo inayolisimamisha gari. Ongeza usukani mzito, ongeza kona za barabara ya Mombo, ongeza basi linalopanda. Nyutro ya betri iliyokufa inakupa mita chache: kutoa gari mlangoni, kulisogeza kando ya barabara, kuliweka mahali ambapo gari la kukupa umeme linaweza kulifikia. Mita hizo uzitembee kwa mwendo wa mtu anayetembea, mawe yakifuata kando.

Funzo hili linawahusu hata wenye betri nzima. Wapo madereva wanaoteremka kwa nyutro wakiamini wanaokoa mafuta. Injini za kisasa zenye kompyuta hukata mafuta pale gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe ili isizimike. Unapoteza mafuta, na unapoteza pia nguvu ya injini ya kulizuia gari, ukiziachia breki kazi yote mpaka zichemke. Kuteremka Mombo, zima O/D kwa kitufe kilicho kwenye mkono wa gia wa Toyota nyingi, au weka 2, na pale panapozidi ukali weka L.

Kulivuta gari nako kuna mipaka. Pampu ya mafuta ya gia boksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimika, tairi zinazoendesha zikiburutwa barabarani, vyuma vya ndani vinasagana bila mafuta ya kutosha. IST ya kawaida huendeshwa na tairi za mbele, kwa hiyo za mbele ndizo zinyanyuliwe. Gari la tairi nne lipandishwe lote juu ya gari la kubebea.

6. Nguvu za vijana haziwashi otomatiki

Ukikwama karibu na stendi, vijana wa bodaboda watakuja kusukuma kabla hujawaita. Wema huo ni wa kweli, ila kwa otomatiki unaishia kwenye kusogeza. Gari la gia za mkono linawaka kwa kusukumwa kwa sababu tairi na injini zinaunganishwa na klachi: weka gia ya pili, washa ufunguo, gari likishika mwendo achia klachi, tairi zinaizungusha injini. Katika otomatiki muungano huo unategemea mafuta yaliyosukumwa na pampu, na pampu inaisubiri injini. Sukuma mpaka Magamba, injini haitasikia.

Waambie mapema, kabla hawajatoa jasho. Nimeona ugomvi ukizuka kwa sababu vijana waliahidiwa chai "likiwaka", wakasukuma gari ambalo lisingewaka kamwe. Patana nao kwa kazi inayowezekana: "Wadogo zangu, tulitoe hapa tulifikishe pale kwenye tambarare, basi." Wakifika, wape chao.

7. Umeme wa Fuso si wa IST

Gari likishafika mahali pazuri, kinachotafutwa ni umeme wa kuazima. Lukozi na Lushoto mjini, gari lililo karibu mara nyingi ni lori la mboga. Malori mengi kama Fuso hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Magari yetu madogo ni volti 12. Ukiunganisha volti 24 zote kwenye IST unaweza kuunguza kompyuta, taa na altaneta kwa mara moja. Na idadi ya betri peke yake haikuambii yote, maana yako magari yenye betri mbili ambayo umeme wake ni volti 12. Muulize dereva wake, na akisita, subiri gari dogo.

Mpangilio wa waya ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Sababu ya kwenda mbali ni hewa ya haidrojeni inayotoka kwenye betri. Cheche ya mwisho ikipigwa juu yake betri inaweza kulipuka. Acha gari zima liungurume dakika kadhaa, ndipo ujaribu kuwasha. Likiwaka, toa waya kwa kurudi nyuma: wa mwisho kuwekwa ndio wa kwanza kutolewa.

Kabla ya kuwasha, rudisha gia P, hendibreki ikiwa juu.

8. Gari la kitufe linataka umeme kwanza

Magari mapya zaidi yanaleta jambo jingine. Toyota Prius, kwa mfano, huwekwa P kwa kubonyeza kitufe, na mota ndogo ndiyo inayokiingiza kile kidole cha chuma. Hapo hakuna tundu wala kamba. Bila umeme, P inabaki P. Hata mahaiburidi, pamoja na betri yao kubwa, yana betri ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta. Hiyo ndogo ikifa, kubwa haiwezi kuitwa kazini.

Kwa magari haya hatua zinageuka: umeme kwanza, nyutro baadaye. Katika Prius nyingi betri ndogo iko nyuma, na mlango wa nyuma nao hufunguka kwa umeme, ila chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, kuna chuma cha chanya kilichowekwa kwa ajili ya kuazimia umeme. Mwenye gari la namna hii anayeishi kwenye mteremko awe na waya zake mwenyewe, na ajue kisanduku hicho kilipo.

9. Baridi ya Julai inatangaza tu

Asubuhi za Juni na Julai ndizo za magari kugoma Lushoto. Baridi hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri, na wakati huohuo mafuta ya injini yanakuwa mazito, stata inadai nguvu zaidi. Betri nzima inavumilia. Iliyochoka, ambayo Tanga mjini ingeendelea kudanganya miezi kadhaa, huku juu inaumbuka siku moja.

Kipima-volti cha bei ndogo kinakwambia mapema. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12 au chini, imekaribia kuisha. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo itazame altaneta kabla ya kununua betri. Safari fupi nazo zinaila betri. Kwenda Irente na kurudi, ukiwa na taa kwa sababu ya ukungu, waipa kwa sababu ya manyunyu na redio kwa sababu ya kupenda, hakurudishi kile stata ilichokula. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kisha hasi ifungwe mwisho.

10. Jiwe lako liondoke na wewe

Gari lililokwama barabarani tunalitangaza kwa matawi ya miti, na pembetatu kwa wanaozikumbuka. Kwenye kona za mlima weka tawi la kwanza kabla ya kona, si baada yake, maana anayeteremka akilikuta gari ghafla hana pa kwenda. Lakini gari likishawaka, furaha inawasahaulisha watu mawe. Jiwe lililookoa gari mchana ndilo linalomwangusha mwenye pikipiki usiku. Kabla ya kuondoka, mmoja apite akihesabu: yaliyowekwa mawili, yatupwe mawili mtaroni, na matawi yafuate.

11. Jifunze betri ikiwa nzima

Mafunzo haya yote ni mepesi kwenye tambarare, mchana, bila mtu kukupigia honi. Kwa hiyo tenga saa moja. Peleka gari kwenye uwanja wa mpira au kituo cha mafuta kilicho sawasawa, zima injini, vuta hendibreki, weka mawe, tafuta tundu la kufuli, toa gia P hadi N kwa bisibisi, irudishe. Kanyaga breki mara tano injini ikiwa imezimika ili mguu wako ujue ugumu wake. Zungusha usukani uonje uzito wake. Ukimaliza, weka bisibisi bapa, waya za kubusti na magogo mawili ya kuzuia tairi kwenye buti.

Kisha mfundishe mtu mmoja wa nyumbani, hata kama haendeshi. Siku ya tukio wewe utakuwa kwenye usukani na mguu kwenye breki. Yeye ndiye atakayeshika jiwe.